Pakiti ya masomo ya Ramadhani kwa wanaosomesha nyumbani: kurasa za kuprinti na za kuziacha humohumo kwenye faili

Mwenzenu nliinunua hii pakiti siku tatu kabla mwezi haujaandama, kwa papara zilezile za kila mwaka, maana Rajabu ikiingia nasema safari hii najipanga mapema, Shaabani ikiingia nasema bado bado, afu ghafla watu wako nje wanaangalia juu. Ni faili la PDF la kurasa 142 pamoja na mafaili ya sauti 30, moja kwa kila siku. Jina lake silitaji, hizi pakiti zinafanana sana na mengi ya haya yatakufaa hata kama umenunua ya mtu mwingine. Ila ujue tumeitumia mwezi mzima mpaka Idd, siyo mtu kapitia kurasa tatu afu anakuja kumwaga nyota tano.

Nijitambulishe kidogo ili uijue mizani yangu. Mi ni baba na ndo mimi nnayesomesha nyumbani. Mke wangu anatoka asubuhi kwenda kazini, kazi zangu mi nazifanya usiku, kwahiyo mchana ni mimi na watoto watatu, binti wa miaka 12, kijana wa 9, na wa mwisho ana 6. Nalisema hili kwa sababu pakiti nzima imeandikiwa "mama mpendwa". Mama mpendwa, andaa mkasi. Mama mpendwa, usisahau kupumzika. Tulipofika ukurasa wa 40 kijana akawa ananiita mama mpendwa kunichokoza na jina limenata mpaka leo.

Nianze na kilichokufa kwanza, ratiba. Imepambwa kweli, kila nusu saa na rangi yake. Saa mbili asubuhi hesabu, saa tatu lugha, saa nne sayansi, inakwenda hivo mpaka saa nane, afu muda wa ubunifu, afu watoto wasaidie kuandaa futari. Ukiitazama vizuri ni ratiba ya shule ileile ya siku zote, wamechora hilali juu yake basi. Aliyeipanga sidhani kama aliwahi kukaa meza moja na mtoto aliyerudi tarawehe usiku, akaamka daku, akaswali alfajiri, afu unamwambia saa nne kamili tunasoma usanisinuru. Siku ya kwanza tulijikaza. Siku ya pili binti kasinzia juu ya daftari kalamu mkononi, ikamchora mstari wa shavu zima. Siku ya tatu nliyelala ni mimi, nkaamshwa na wa mwisho ananiuliza eti 7 kutoa 9 inawezekana?

Tatizo siyo uvivu wa watoto wala wangu. Ratiba ile inakwenda kwa saa ya ukutani na mwezi huu unakwenda kwa swala. Tukaigeuza ile karatasi tukaandika upya nyuma yake. Binti anasoma mara tu baada ya alfajiri, hapo tumbo lina kitu, nyumba kimya, kichwa kiko macho, dakika 50 za jambo gumu moja, mara nyingi hesabu, afu anarudi kulala. Wadogo wanaamka kivyao. Kati ya adhuhuri na alasiri tunakaa wote mezani kwa jambo moja tu, siyo matano. Baada ya alasiri hakuna kushika kalamu, ni kusikiliza. Na baada ya magharibi hakuna anayejifunza kitu usijidanganye, watoto wameshiba wanarukaruka kama mbuzi. Ukijumlisha ni kama saa mbili za masomo kwa siku na hatujabaki nyuma popote pa maana, manake ukiwa na wanafunzi watatu hupotezi muda kuita majina na kunyamazisha watu 40.

Sasa ukurasa ulioilipia pakiti nzima, ukurasa wa 11. Ni duara 30 tupu tu na maelezo mistari minne: kila siku baada ya magharibi toka nje, chora mwezi ulivyo ndani ya duara, andika uko upande gani na uko juu kiasi gani, pima kwa ngumi, nyoosha mkono mbele, ngumi moja ni kama nyuzi 10. Hamna rangi, hamna stika. Nliuona nkasema huu ni wa kujazia kurasa.

Jamani. Siku ya pili mwezi uko magharibi, mwembamba, ngumi moja na kitu kutoka upeoni. Siku inayofuata umepanda. Siku ya saba ni nusu na tunapofuturu wenyewe uko katikati ya safari yake angani, kijana akauliza kwani huu ulichomoza saa ngapi, ina maana ulikuwepo mchana na hatukuuona? Nkamwambia kesho utafute baada ya alasiri. Akautafuta, akaupata, akaja mbio, mwezi mchana kweupe! Akasahau kwamba kiu ilikuwa inamuua dakika tano nyuma. Siku ya 14 wamegeukia magharibi hawaoni kitu, wa mwisho ndo akageuka nyuma akaukuta unatoka mashariki mkubwa mwekundu wakati jua ndo limezama. Na baada ya hapo ndo pazuri, kwa sababu siku ya 17 wametoka nje magharibi, hakuna mwezi. Wamesubiri, hakuna. Duara likabaki tupu na binti akawa ameudhika kwelikweli, mpaka alipoamka daku akachungulia dirishani akaukuta upo umetulia zake. Tokea siku hiyo uchoraji ukahamia daku. Mwezi unachelewa kuchomoza kwa wastani wa kama dakika 50 kila siku, hilo wangeweza kulisoma mstari mmoja kwenye kitabu wakalisahau, ila wenyewe wamelifukuzia mwezi mzima kutoka kwenye futari mpaka kwenye daku, na hadi kumi la mwisho lilipofika walikuwa hawahitaji kuamshwa daku, wanaamka kuuangalia umebaki kiasi gani. Kwa mzazi anayejua kazi ya kumwamsha mtoto wa miaka 9 daku, hapo peke yake hela yangu imerudi.

Ukurasa unaofuata sasa ndo wameharibu. Wanasema mwezi ukiwa upeoni unaonekana mkubwa kwa sababu umekaribia dunia. Siyo kweli, na kiuhalisia ukiwa upeoni unakuwa mbali na wewe kidogo kuliko ukiwa utosini. Ukubwa ule ni macho na akili vinatuchezea. Ibn al-Haytham, mwanasayansi wa Kiislamu, aliandika kuhusu jambo hili kama miaka 1000 iliyopita, akasema sababu iko kwenye namna tunavyotambua umbali, na inashangaza pakiti ya Kiislamu ya masomo imruke mtu kama yule. Tukafanya jaribio letu, nyoosha mkono uufunike mwezi kwa ukucha wa kidole kidogo ukiwa chini, rudia baadae ukiwa juu. Ukucha ni uleule na unautosha kotekote. Kijana alifunga jicho moja akarudia mara sita.

Kosa lingine wamelifanya kwenye kitu kizima. Pakiti ina siku 30. Mwezi wetu ulikuwa wa siku 29. Somo la 30 ndo la kufungia, kuna shahada ya kujaza jina la mtoto, kuna barua ya kujiandikia mwenyewe ya kufungua mwakani, vyote viko siku ya 30, na siku ya 30 haikuja. Mtu anatengeneza kitu cha Ramadhani anasahau kwamba mwezi wa Kiislamu ni 29 au 30! Wa mwisho alilia, siyo kwa ajili ya barua, anataka kujua siku yake ya 30 imeenda wapi.

Nkatumia kilio kilekile. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni wastani wa siku 29.53, nusu haiwezi kuwa siku, kwahiyo miezi inagawana, mingine 29 mingine 30, na mwaka mzima unakuja siku 354 au 355. Binti akatoa kwenye 365 akapata kama 11, akaanza kurudisha Ramadhani nyuma mwaka hadi mwaka kwenye karatasi, na alipofika 2030 akaja na uso wa mtu aliyekosea hesabu, Baba hapa zinatokea mbili. Sijakosea? Hajakosea, mwaka 2030 Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Januari na nyingine inaanza mwishoni mwa Desemba. Zoezi hili kwa haki yao limo kwenye pakiti, ukurasa wa 58, ila limeishia kwenye kuuliza tu Ramadhani itakuwa mwezi gani ukiwa na miaka 20. Wangesogea hatua moja wakafika kwenye umri. Mtu wa miaka 33 ya jua ana miaka 34 ya mwezi. Miaka 15 ya Hijria, ambayo wanazuoni wengi wanahesabu mtoto ameshabaleghe hata kama dalili nyingine hazijaonekana, ni kama miaka 14 na nusu kwenye kalenda ya ukutani. Kwa mwenye mtoto wa 12 hilo siyo zoezi la hesabu tu.

Mpango wa kuhitimu Qurani nao una shimo, na nlifurahi sana kwamba aliyeligundua siyo mimi. Pakiti inasema soma kurasa 4 baada ya kila swala ya faradhi, 4 mara 5 ni 20, siku 30 umehitimu. Kijana akachukua msahafu wa Madina tunaousomea akafungua mwisho, 604. Akasema 20 mara 30 ni 600, hizi nne anasoma nani? Afu akakumbuka mwenyewe na mambo ya siku 29, 580, kumbe zinabaki 24. Alitembea na habari hiyo nyumba nzima kama mkaguzi wa mahesabu. Dada yake ndo alikuwa anafuata mpango huo, akaongeza ukurasa mmoja mmoja kwenye swala ya alfajiri, akahitimu usiku wa 29. Kwa wadogo mpango huo usiuguse, kijana alisoma ukurasa mmoja kwa siku kwa utulivu, na wa mwisho tulimpa sura 10 za mwisho, Al-Fiil mpaka An-Naas, alizozijua azinyooshe asizozijua ahifadhi.

Kuna na ukurasa wa Lailatul Qadri, kheri kuliko miezi 1000, gawanya kwa 12, wanapata miaka 83 na miezi 4. Sawa. Binti alishaharibiwa na mambo ya kalenda kufikia hapo, akauliza hiyo ni miaka gani. Akazidisha 1000 kwa 29.53 akagawa kwa 365.25, akapata kama miaka 80 na miezi 10. Mwalimu wa hesabu yeyote angelipia kuona mtoto anafanya hivo bila kulazimishwa, tena akiwa amefunga.

Zaka. Hapa wamefanya kazi nzuri na nawapa haki yao. Badala ya hela wametumia gramu na mifugo, kwahiyo pakiti inafaa nchi yoyote. Nisabu ya dhahabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, ni gramu 85, mtu ana gramu 120 zimepitiwa na mwaka, atoe ngapi? Moja ya arobaini, gramu 3. Afu kondoo, chini ya 40 hakuna kitu, 40 hadi 120 ni mmoja, 121 hadi 200 wawili, 201 hadi 399 watatu, kuanzia 400 ni mmoja kwa kila mia. Wachore grafu. Grafu yake inatoka kama ngazi, siyo mstari, na kijana aliikodolea macho afu akasema mwenye kondoo 40 auze mmoja siku moja kabla ya mwaka kutimia. Kimya. Dada yake akamwambia na Mungu hajui kuhesabu? Tukazungumza kuhusu hila za kukwepa zaka kwa nusu saa nzima na somo la sayansi la siku hiyo likafia hapo, sijutii.

Zakatul fitri wameikimbia, mstari mmoja tu, "kilo 2.5 kwa kila mtu". Kipimo chenyewe ni pishi, na pishi siyo uzito, ni ujazo! Ni vibaba vinne, na kibaba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima vilivyokusanywa pamoja. Ukijaza chombo kilekile kwa nafaka tofauti ukipima kwenye mizani unapata uzito tofauti, ndo maana unasikia wengine wanasema 2.5 wengine wanakaribia 3, hawabishani na dini, wanapima nafaka tofauti. Sisi tulijaza bakuli moja kwa vitu vitatu vya jikoni tukapima. Afu wa mwisho akachota mara nne kwa viganja vyake viwili akauliza yeye atoe pishi ya mikono yake au ya mikono ya Baba. Swali la haki kabisa.

Nije kwenye kilichonikera zaidi, na hapa niwe mkweli kwamba kosa nusu ni langu maana mi ndo nliibandika kwenye friji. Chati ya kufunga. Majina ya watoto, siku 30, kila aliyekamilisha siku anabandika nyota, mwisho wa mwezi mwenye nyota nyingi anapata zawadi kubwa. Inaonekana haina neno. Wiki ya kwanza kijana alikuwa na nyota nne, siku nyingine anafungua adhuhuri, hakuna shida, ana miaka 9 na hajafaradhishiwa. Wiki ya pili nyota zikaanza kuja mfululizo na mi nkawa nasifia. Siku ya 12 baada ya alasiri nkapita bafuni nkamkuta ameinama kwenye bomba anakunywa. Alivyoniona hakusema samahani wala hakusema nina kiu. Alisema, "Baba usiitoe nyota ya jana."

Ya jana. Wala sikuuliza na ya juzi. Nlimpa glasi nkamwambia kaa chini unywe vizuri, na usiku walipolala nkaitoa ile chati.

Kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa sahaba wa kike Rubayyi' bint Mu'awwidh kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na wakiwatengenezea vinyago vya sufi, mtoto akililia chakula wanampa kinyago mpaka ifike futari. Sijui kama mnaona ninachokiona hapo. Hakuna aliyemwandika mtoto kwenye chati wakamlinganisha na dada yake, wamemtafutia kitu cha kuchezea akili itoke kwenye tumbo. Pakiti ina kurasa 9 za ufundi wa karatasi, mataa, nyota za kuning'iniza na gundi yenye mengaro ambayo nimeikuta mpaka kwenye mto wa kulalia, na haina hata mstari mmoja unaomwambia mzazi kwamba hizo kazi za mikono mahali pake ni saa ile ngumu kabla ya magharibi. Wameziweka asubuhi. Tulipozihamishia jioni ghafla zikawa na maana, pamoja na chuki yangu na gundi.

Na hii ya pili kuhusu chati aliyeiona ni mke wangu, mi isingenijia. Akasema, nyie mnatundika chati ya siku 30 kwenye friji nyumba ina binti wa miaka 12, siku zake za udhuru zikianza utaandika nini kwenye viboksi hivyo, na mdogo wake wa kiume akiuliza mbona dada hana nyota? Pakiti inasema ni ya miaka 5 mpaka 13. Hakuna neno moja kuhusu udhuru, hakuna ukurasa wa binti peke yake, hakuna kuhusu kulipa siku. Kwa kitu kilichoandikiwa akina mama kurasa 142 hilo ni pengo la ajabu. Mkubwa sasa ana daftari lake dogo analokaa nalo yeye, anaandika anachotaka, hakuna anayelifungua. Na wa mwisho, ambaye kwenye chati hakuwa na haki ya kitu maana hakuna nyota ya nusu siku, alikuwa ameshaanza kupaka rangi nusu nyota kwa penseli yake mwenyewe tangu siku ya tatu, mi nliziona nkadhani anachafua.

Kitu kingine ambacho hakimo na ilibidi tukitengeneze wenyewe ni habari ya alfajiri. Watoto waligundua kwamba apu ya kwenye simu yangu na ya kwenye simu ya mama yao zinatofautiana, moja inaadhini mapema kuliko nyingine. Wa kati moja kwa moja, ipi inadanganya? Hakuna inayodanganya. Alfajiri inahesabiwa kwa nyuzi za jua chini ya upeo na taasisi zinatofautiana, Rabitatul Alam al-Islami wanatumia nyuzi 18, Mamlaka ya Upimaji ya Misri 19.5, ISNA, jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini, 15. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwahiyo nyuzi moja siyo chini ya dakika 4, na tofauti ya nyuzi tatu siyo chini ya dakika 12. Ukienda kwenye mipangilio ya apu unaziona zote zimeorodheshwa hapo. Tulichukua protrakta tukachora upeo na jua chini yake na lilikuwa moja ya masomo bora ya mwezi, halikutugharimu kuprinti hata ukurasa. Pakiti ina grafu ya muda wa kufunga kwa siku 30, nzuri tu, lakini wangetahadharisha kwamba aliye karibu na Ikweta mstari wake utakuwa karibu unyooke mwaka mzima, na aliye mbali kaskazini au kusini anaweza kuona siku inarefuka au kufupika kabisa ndani ya mwezi huohuo. Mtoto wa karibu na Ikweta atadhani amekosea kuchora.

Historia haraka haraka. Vita ya Badr imewekwa siku ya 17, sahihi, na hesabu ya uwiano wa kama 313 kwa 1000 wameitumia vizuri. Ushindi wa Makka mwaka wa 8 nao umo. Ambacho hawajakiunganisha ni kwamba kufunga Ramadhani kumefaradhishwa mwaka wa pili wa Hijria na Badr ni Ramadhani ya mwaka huohuo wa pili. Yaani Ramadhani yao ya kwanza ya faradhi ndo hiyo. Nlipowaambia, kijana ambaye alikuwa analalamika kuhusu kuosha vyombo akiwa amefunga akaviangalia vyombo, akaviosha.

Mafaili ya sauti sikuyatarajia na ndo kitu cha pili kwa ubora baada ya mwezi. Dakika 8 mpaka 12, kisa kimoja kila siku, msomaji ana sauti ya mtu mzima aliyetulia, hapigi kelele za kitoto wala hakuna muziki wa kuziba masikio. Baada ya alasiri wanalala sakafuni wanasikiliza. La 22 sauti inakatika katikati, nimemwandikia muuzaji, kajibu baada ya siku nne akanitumia jipya na akaomba radhi, sina kinyongo.

Kuhusu kuprinti, chonde chonde. Kila mwanzo wa juma kuna ukurasa wa usiku wenye nyota, yaani karatasi nzima nyeusi na buluu. Printa yangu ilikohoa wino mpaka ukaisha siku ya pili. Hakuna toleo la wino mchache. Faili lenyewe limefungwa huwezi kutoa ukurasa mmoja mmoja kirahisi, inabidi uandike namba za kurasa wakati wa kuprinti.

Mi naipa tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne kama ingekuwa na mahali pa siku ya 29 kuishia na ingemkumbuka binti. Mwenye mtoto mmoja wa chini ya miaka 7, usiinunue, daftari tupu na kutoka nje kila magharibi vinakutosha. Mwenye wa miaka 8 mpaka 12 itakufaa ukiwa na roho ya kuacha nusu yake. Mwakani naprinti 11, 58, kurasa za zaka 71 mpaka 76, na grafu ya 83, zote kwa wino mweusi. Ile barua ya siku ya 30 wa mwisho aliiandika hivohivo usiku wa Idd, kaikunja, kanikabidhi nimtunzie, na juu ya bahasha ameandika kwa herufi zake kubwa KWA MAMA MPENDWA.